Mbwa Aliyejikuna Mpaka Mtu Akafukuzwa Kazi

Ninyi vijana mnaosomea kutibu wanyama, hapa Butembo na kule Beni, mnakuja kwenye baraza yangu mnaniita "docteur", na mimi siwakatazi kwa sababu jina lenyewe ni tamu masikioni. Mais, yaani lakini, tuseme ukweli kabla hatujaenda mbali: sikuwahi kuwa docteur. Nilikuwa infirmière, muuguzi wa mifugo, diploma ya A2, kazi ya Leta, yaani serikali, mpaka pensheni. Nimepigwa mateke na ng'ombe, nimekojolewa na mbuzi wa kila rangi, na nimeumwa na sungura wa padri. Sungura! Kovu liko hapa kwenye kidole gumba, na padri mpaka leo anaapa kwamba sungura yule alikuwa mpole.

Nawaambia hayo ili mjue ni nani anayewasemesha. Siyo mtu aliyejua kila kitu. Ni mtu aliyekosea karibu kila kitu mara moja, na mengine mara mbili ili kuhakikisha.

Mwaka wangu wa kwanza Beni, mama mmoja aliniletea mbuzi aliyevimba tumbo. Nikampigapiga ubavuni kama ngoma, nikatikisa kichwa kama watu wenye elimu, nikasema ni gesi. Nikamnywesha mafuta ya mawese, nikaagiza atembezwe. Nilimtembeza mimi mwenyewe kwa kamba, kutoka sokoni mpaka mbele ya bureau, ofisi yetu, na palepale, mbele ya chef, mkuu wetu wa service, mbuzi akazaa mapacha. Chef alikuwa mtu wa Kasaï aliyeletwa na Leta, naye alimjua mbuzi kwenye sahani tu. Akaandika kwenye rapport: "Matibabu yamefaulu." Ndiyo rapport ya kwanza iliyonisifu. Sikuisahihisha.

Aliyenifundisha kazi kweli ni papa Mbusa, yaani baba Mbusa, infirmier wa zamani, mfupi, mkali, aliyevaa buti za mpira hata kanisani. Akifika kwenye parcelle, kiwanja cha mtu, kabla ya kusalimia mwenye nyumba, alipiga magoti akaingiza pua kwenye sikio la mbwa. Watu walimwona kichaa. Mais jaribuni siku moja: sikio lenye ugonjwa linanuka kama mkate uliolowana ukasahauliwa kabatini, na pua inajua hilo kabla ya macho. Aliniambia hivi, na kwetu mnyama tunamwita "nyama":

"Nyama haisemake. Mwenye nyama anasemaka sana, mais anasema ile anataka weye usikie. Kwa vile, angalia mwili, angalia bya kukula, na angalia fasi inalala."

Niliyaandika hayo yote matatu, mwili, chakula na mahali pa kulala, kwenye daftari kwa wino mwekundu. Kisha nikaliweka daftari vizuri sana, mahali ambapo sikulifungua tena kwa miaka mingi. Ndiyo sababu nina hadithi ya kuwasimulia.

Hadja Zaituni alikuwa mjane, mfanyabiashara, mwenye camions zinazobeba bidhaa kati ya Butembo, Beni na Oicha. Depo yake ilikuwa Beni, katika commune ya Bungulu: ukuta wa matofali, geti la bati, uwanja wa sima, yaani saruji, kibanda cha kuku kando ya ukuta, makanika wawili wasiomaliza kamwe kufungua moteri moja, na mbwa. Mbwa aliitwa Douane, kwa sababu hakuna mzigo uliopita getini bila yeye kuunusa, na mara nyingine alijikatia sehemu yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa mbwa, huo ni umri wa kukaa juani na kulalamikia serikali.

Aliyemtunza alikuwa sentineli wa geti, Muhindo, mtu wa makamo, asiyesema maneno mengi. Huyu alikuwa na shamba la kakao upande wa Oicha. Alilikimbia pamoja na mke wake kwa sababu watu kule hawakuweza tena kulala karibu na mashamba yao. Waliacha kakao imeiva mitini. Hadja akampa kazi ya kulinda geti na chumba kimoja nyuma ya depo. Ndipo alipokuwa ameanzia maisha upya, kati ya matairi ya zamani.

Siku Hadja aliponiita, alinipokea getini akiwa amekwisha kuchoka.

"Docteur, angalia iyi imbwa. Inajikuna mpaka minasikia kelele ya makucha ku salon ya nyumba yangu. Na tena inatembea sawa kiti."

Sawa kiti! Sijapata kusikia maelezo bora ya mbwa aliyekakamaa. Kweli, Douane alipotaka kusimama, alinyanyua kwanza miguu ya mbele, akatulia, akafikiri, halafu akavuta ya nyuma kama mtu anayenyanyua gunia la maharagwe. Akazunguka uwanja mara mbili tatu, na viungo vikalegea kidogo. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka tumboni, kwapani na nyuma ya masikio, na ngozi ya sehemu hizo ilikuwa nyekundu, yenye vigaga vidogovidogo.

Mmesikia? Mbwa mzee, anakaza akitoka kulala, analegea akitembea. Mwanafunzi aliye macho angeshika hapo. Mais mimi nilikuwa na moto, pikipiki ya kukodi, inanisubiri nje na mtu wa nguruwe ananipigia simu. Nilimwangalia Douane muda wa kunywa glasi ya maji.

"Ni gale," nikasema.

Enzi hizo kila kilichojikuna Beni mimi nilikiita gale, upele ule wa kuambukiza. Kama chef wetu angejikuna, ningemchoma sindano. Nikatoa ivermectine, nikamchoma Douane chini ya ngozi ya shingo.

"Na miguu?" Hadja akauliza.

"Miguu ni uzee."

Muhindo ndiye aliyekuwa amemshika mbwa kichwa. Akasema taratibu, "Mama docteur, iyi imbwa siku hizi hailalake tena kule ju..."

Nikamkata. "Weye ni sentineli, linda mulango. Mambo ya imbwa niachie mi."

Makanika wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana nilijiona nimesema vizuri. Muhindo akaachia kichwa cha mbwa, akarudi getini.

Baada ya majuma mawili nikaitwa tena. Nilimkuta Douane mweusi tii, anang'aa kama gearbox. Makanika walikuwa wamempaka mafuta machafu ya moteri, dawa ya gale wanayoijua watu wote kutoka Kayna mpaka Oicha. Nawaomba, mkikuta mtu anafanya hivyo, mnyang'anyeni kopo. Mafuta yale yanaunguza ngozi, halafu mbwa anajilamba, na uchafu wote wa moteri unaingia tumboni. Nilimwosha mara tatu kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Mwisho wa kazi mbwa alikuwa safi, na blauzi yangu ilikuwa imehamia kwenye kabila la vitambaa vya garage.

Nikamchoma sindano ya pili. Akaendelea kujikuna. Nikakataza vichwa vya makayabo, samaki wale wakavu, nikisema labda ni chumvi. Akaendelea kujikuna. Nikachukua kitana chenye meno ya karibu, nikamchana juu ya karatasi nyeupe iliyolowana, kwa sababu uchafu wa kiroboto ukigusa maji unatoa wekundu. Hiyo mbinu ni nzuri, ishikeni. Karatasi ikabaki nyeupe. Mchana kweupe mwili wa mbwa yule ulikuwa safi kama meza ya askofu, na bado alijikuna mpaka akatoa damu.

Ndipo likaja jambo la tatu, ambalo halikuchekesha mtu.

Hadja alinipigia simu asubuhi moja. Nilipofika, Douane alikuwa amelala pembeni ya ukuta, na mbele yake kulikuwa na matapishi meusi kama machicha ya kahawa. Kinyesi chake nacho kilikuwa cheusi kama lami. Weusi huo, vijana, ni damu iliyokwisha kukaa tumboni. Hadja alijua ni damu hata bila diploma.

"Banamutilia sumu!" alipiga kelele. "Na minajua ni nani!"

Juma lililopita Muhindo alikuwa ameomba ruhusa ya siku chache aende na wenzake kuchuma kakao kidogo iliyobaki. Hadja alikataa, camions zilikuwa njiani. Tangu siku hiyo Muhindo alinyamaza zaidi ya kawaida yake, na kunyamaza kwake Hadja alikuwa amekuhesabu kama chuki.

"Alikasirika. Anataka imbwa ikufe, kisha bezi baingie kuiba. Docteur, sema weye. Inaweza kuwa sumu?"

Infirmière asiyejua ana njia mbili. Anaweza kusema "sijui", neno fupi, halilipishwi kodi. Au anaweza kusema kitu kinachofanana na elimu. Makanika walikuwa wananitazama. Hadja alikuwa ananitazama. Muhindo alikuwa ananitazama.

"Inaweza," nikasema.

Neno moja. Moyoni nilimaanisha kwamba kila kitu duniani kinaweza. Hadja alisikia hukumu ya tribunali.

Muhindo hakupiga kelele. Alisema tu, "Mi? Niue Douane?" Akasubiri kidogo, kama mtu anayedhani kuna atakayesema neno.  Kabla ya saa sita yeye na mke wake walikuwa wamefunga blanketi na sufuria nyuma ya moto ya kukodi, wanashika barabara ya kurudi Oicha, mahali palepale walipokuwa wamepakimbia. Mimi nilikuwa palepale, nafunga mkoba wangu, najifanya zipu imekwama.

Siku ya tatu baada ya hapo, Douane akatapika tena. Weusi uleule.

Hata kichwa kizito kama changu kilielewa. Mwenye sumu yuko Oicha, na sumu imebaki Bungulu. Nilikaa bureau nikitazama ukuta. Chef akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo, na sikudanganya.

Nikaenda kwa Hadja, siyo depo, nyumbani kwake, ng'ambo ya njia. Akanipa chai na maandazi. Alizungumza juu ya marehemu mume wake, jinsi alivyomleta mbwa yule akiwa mdogo, amemfunga ndani ya koti, kutoka safari ya Kayna.

"Mi sipendake imbwa," alisema. "Mu nyumba yangu haingiake, na siishikake, ju ya udhu ya sala. Ilikuwa ya mzee. Namuchungia tu."

Kisha akataka kusimama achukue sukari. Akaweka mikono miwili mezani, akanyanyua mwili nusu, akatulia, akafikiri, akamalizia nusu nyingine huku akilia "ayiii". Nikawaza: mimi nimekwisha kuuona mwendo huu.

"Magoti, Hadja?"

"Magoti, docteur! Mais niko na kidonge." Akavuta boksi kutoka kabatini. Diclofenac. "Iyi ni muzuri sana. Unamumeza, unangoja kidogo, unasikia magoti inafunguka. Hata..."

Akalirudisha boksi kabatini.

"Hata nani, Hadja?"

Akakaa. Akaanza kukoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Hata nani?"

"Tunaamuka asubuhi wote wawili tunalia," akasema bila kuniangalia. "Mi huku, yeye kule ku ukuta. Nilimuonea huruma. Nilikuwa namutilia kidonge moja mu nyama. Asubuhi na mangaribi."

"Tangu lini?"

"Tangu weye ulisema ni uzee. Ulisema ni uzee, ukaenda. Hukuacha dawa."

Sasa andikeni hili kwa wino mwekundu, mais msilifiche kama mimi. Vidonge vya watu vya maumivu vinatoboa tumbo la mbwa. Hadja alikuwa mama mnene, mwenye umbo la biashara inayokwenda vizuri. Kidonge kinachofungua magoti yake kilikuwa kinamchoma Douane matumbo mara mbili kwa siku, kwa upendo, ndani ya nyama laini. Na hakuna aliyejua, kwa sababu Hadja aliona haya kuonekana anambembeleza mbwa.

Alipoelewa, alifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Nimeua imbwa ya mzee wangu."

"Haijakufa. Acha vidonge leo, tumupe maji ya mchele na dawa ya tumbo. Itasimama."

"Na Muhindo?"

Nikachukua andazi la pili.

"Twende tumutafute," Hadja akasema. "Leo."

Mimi ndiye niliyesema kesho. Nilimwambia kwanza nataka kumaliza uchunguzi wa kujikuna. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wa yule mtu.

Kwa hiyo kesho yake nilikuja depo mapema, wakati watu wanarudi kutoka sala ya alfajiri, kabla ya makanika na kelele zao. Hadja akanifungulia. Nikamtafuta Douane mahali pake pa miaka yote, ambapo hata mimi nilipajua: juu ya karosri, sehemu ya mizigo ya camion iliyokufa, kwenye rundo la magunia, pakavu, mbali na sima. Magunia yalikuwepo, yamejaa vumbi. Mbwa hakuwepo. Miguu yake haikuweza tena kuruka pale, na sijui tangu mwezi gani. Hakuna aliyejua, isipokuwa mtu mmoja ambaye nilikuwa nimemwambia alinde mlango.

Tulimkuta chini ya kibanda cha kuku. Alikuwa amejibana kati ya mbao na ukuta, chini kabisa ya vijiti ambavyo kuku wanalalia, amelifuata joto lao kama mzee yeyote mwenye akili. Nilipiga magoti, nikaingia nusu mwili. Nikafungua manyoya ya tumbo lake. Vidudu vidogo kama chembe za vumbi, ila vumbi haitembei. Vingine vya kijivu, vingine vyekundu, vimeshiba damu. Nikachukua leso yangu nyeupe, nikaisugua kwenye nyufa za mbao. Ilitoka na mistari myekundu kama imefuta mdomo wenye rangi.

Utitiri wa kuku. Usiku unatoka kula, na jua likipanda unarudi kwenye nyufa kulala. Ndiyo maana kitana changu cha mchana hakikukamata kitu. Mbwa alikuwa ananionyesha majeraha, mimi natafuta mwizi kwenye nyumba ambayo mwizi hakai.

Nilitoka nyuma nyuma, mikono inaniwasha, nikajipangusa magoti na kuuliza kwa sauti yangu ya bureau, "Hadja, bakuku hawa bametoka wapi? Mutu aliyekuuzishia hawa bakuku anapaswa kufuatiliwa!"

Hadja akaninyooshea kidole.

"Docteur," akasema, "hawa njo bakuku bako."

Walikuwa kuku wangu. Kuku sita kutoka kibanda changu mwenyewe cha Butembo, niliomuuzia mwaka ule nikiwasifu kwamba hawana ugonjwa hata mmoja. Na nyumbani kwangu wajukuu walikuwa wanajikuna wiki nzima, na mimi, mtaalamu, nilikuwa nawaambia ni mbu.

Nilikaa juu ya tairi. Hadja akakaa juu ya lingine, pole pole, na magoti yake. Hatukuwa na ugonjwa mmoja mbele yetu, tulikuwa na mnyororo. Uzee ulimkaza mbwa miguu, miguu ikamtoa kwenye kitanda chake, kitanda kipya kikampa kuwashwa. Nikapuuza miguu, Hadja akatibu kwa huruma, tumbo likaungua. Mimi nikasema "inaweza". Shuleni walitufundisha kutafuta jina moja la ugonjwa, na jina likipatikana, kufunga kitabu. Mbwa mzee hajasoma kitabu hicho. Anaweza kubeba vitu vitatu, na kila kimoja kimsukume mwenzake.

Siku hiyohiyo tukaenda Oicha, ndani ya camion ya Hadja, nyuma ya magari mengine. Dereva alishauri aende peke yake kumleta Muhindo. Hadja akakataa: "Mudomo yangu njo ilimufukuza. Hauwezi kupanda camion bila mi."

Kwenye kizuizi askari mmoja akaegemea dirisha, akatuuliza kwa Lingala yake tunakokwenda. "Bozokende wapi, bamama?"

"Kuomba pardon," Hadja akamjibu, yaani msamaha.

Askari akatuchunguza kama kuna siri kwenye jibu hilo, kisha akacheka na kuinua kamba. Nadhani karatasi ya namna hiyo hakuwa amewahi kuonyeshwa.

Muhindo tulimkuta kwa binamu yake, karibu na majengo ya ofisi za territoire, wilaya yao. Alikuwa anageuza kakao kidogo juu ya bâche, turubai la plastiki, kiasi cha ndoo moja. Alikuwa amefika shambani mara moja, mchana, pamoja na wengine, akachuma haraka na kukimbia. Alituona, akaendelea kugeuza. Kisha akaleta kiti kimoja, akampa Hadja. Mimi nikasimama, na ilikuwa haki.

"Inakula?" akauliza. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo.

"Inaanza kukula," nikasema.

Hadja alikuwa amejitayarisha njia nzima, nilimsikia ananong'ona maneno. Yote yakamtoroka.

"Muhindo, ni mi," akasema. "Ni mi nilimupa dawa ya magoti yangu. Weye hukufanya kitu. Nilikusingizia, baba."

"Uliniita muuaji mbele ya bamekanika."

"Nitasema mbele ya bamekanika."

"Weye, Hadja?"

"Mi. Nikisimama."

Muhindo akanigeukia. Nilitamani sana zipu ya kuhangaika nayo.

"Na weye, docteur?"

"Mi nilikufunga mudomo. Na utitiri umetoka ku bakuku bangu."

"Siku ile uliniambia nini?"

"Unakumbuka vizuri."

"Minakumbuka. Minataka kusikia."

Binamu yake, mke wake na jirani mmoja walikuwa wamesogea. Nikasema, "Nilikuambia weye ni sentineli, linda mulango."

"Mulango nililinda," Muhindo akasema. "Ni ninyi banamuke bawili mulipitisha kila kitu."

Jirani akaanza kucheka, akajaribu kuficha kwa kukohoa. Halafu mke wa Muhindo akacheka wazi. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa bado naupima ule msemo, maana katika miaka yangu yote ya kazi hakuna inspekta aliyewahi kuniandikia rapport sahihi kama ile.

Hakurudi bure. Alisema atarudi kama kila msimu atapewa siku zake za kakao, bila kupiga magoti. Hadja akakubali kabla hajamaliza sentensi. Na kesho yake asubuhi, kwenye uwanja wa depo, Hadja alisimama mbele ya makanika, madereva na mama muuza maandazi, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Muhindo hakutia sumu. Ni mi." Makanika waliangalia viatu vyao, wakakumbuka ghafla kwamba kuna moteri inawasubiri.

Matibabu yenyewe ni haya, na hayana uchawi. Tulitoa kuku wote, tukaondoa vijiti na mbao tukavianika juani. Nyufa tukazimwagia maji yanayochemka, kisha tukapaka chaux, chokaa nene, ndani na nje. Juma lililofuata tukarudia, kwa sababu mayai ya utitiri hayasikii mara ya kwanza. Nikaenda Butembo nikafanya vilevile kwangu, huku wajukuu wakiniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Mbwa tukamtengenezea uji laini wa mchele mpaka kinyesi kikarudi rangi ya kawaida. Muhindo akampigia kitanda kifupi cha mbao, kimenyanyuka kidogo juu ya sima, na godoro la gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi. Kila asubuhi alimtembeza polepole mpaka kona na kurudi, na tukampunguzia chakula cha mafuta ili miguu isibebe zaidi ya inavyoweza.

Kujikuna kuliisha kabla ya mwezi kwisha. Manyoya yakarudi, mabaka mabaka kama shati la kuazima. Kukakamaa hakukuisha. Kulipungua, basi. Sikumponya uzee. Ningekuwa na dawa yake ningeanza na mimi.

Douane aliishi zaidi ya mwaka mmoja tena, anaziba geti kwa kulala mbele yake, madereva wanamzunguka. Asubuhi moja Muhindo akanipigia simu: hataki kula, hataki kusimama. Nilifika, nikamgusa ufizi, nikasikiliza moyo, na safari hii sikutafuta neno la elimu. Niliwaambia saa yake imefika, na kwamba haumii sana.

Hadja alivuka njia. Akakusanya kikwembe chake cha kiunoni, akashuka mpaka chini kwenye sima, magoti yakilia, akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. Makanika waliacha kupiga nyundo. Douane akatikisa mkia mara moja, kidogo.

"Muhindo," Hadja akasema bila kugeuka, "tafuta maji. Nitanawa kisha."

Muhindo akaleta ndoo, akaiweka karibu naye, akakaa upande wa pili wa mbwa. Hadja hakuondoa mkono, na maji yale yalikaa pale mpaka jua likayapasha moto.